Umeme wa Mama Mkwe

Mpaka leo sielewi ule waya ulikosea nini. Ulikuwa waya wa kawaida wa ekstensheni. Niliupitisha kwenye dirisha la jikoni, ukakatiza nyasi, ukaingia katika gari la kulala nililokuwa nimeliegesha kando ya uzio, nami nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi mama mkwe alikuwa ameketi getini juu ya begi lake, shali kichwani, akingoja kufunguliwa arudi kwake Kanyakine.

Kurudi Kanyakine hakukuwa mchezo. Kifua chake kilikuwa kibovu, na daktari wa hapa Embu alitaka kumwona kila wiki hadi kitulie. Mara ya mwisho alipojiondokea mapema, alirudishwa amebebwa, midomo imebadilika rangi. Sasa alikuwa na kimashine cha kuvutia dawa ambacho huchajiwa kama simu: unatia dawa, unavaa barakoa yake, unavuta mvuke. Bila chaji ni plastiki tu. Mke wangu hakuwa akila vizuri kwa wasiwasi. Mimi pia niliogopa sana, ila hakuna aliyeniuliza.

Shida ni kwamba kwao mama halali nyumbani kwa mume wa binti yake. Wengi siku hizi hulala, yeye hapana. Gari ndilo lililotuokoa. Nililinunua kwa meneja wa shamba la maua kule Timau aliyekuwa akihama, lina kitanda, kabati na pazia, nami nikiwa na ndoto ya kuuzunguka mlima wetu wa huku na familia likizo moja. Hatujauzunguka. Mke wangu alimweleza mamake kwamba gari si nyumba, halina msingi. Mama akalikagua pande zote, akapiga tairi teke, akakubali. Ndipo mimi nikaja na waya wangu.

"Kwani stima inatoka kwa nani?" alimwuliza binti yake pale getini, mimi nimejibanza nyuma ya tangi la maji. "Kama inatoka kwa huyo, basi hii ni bedroom yake."

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilimwambia mke wangu kwamba stima inatoka kwenye mabwawa ya Mto Tana, huko chini Mbeere, wala si kwangu. Akaniambia ninyamaze. Nikapendekeza basi kimashine kiletwe jikoni kichajiwe. Haiwezekani, kinachogusa mdomo wa mama hakiingii jikoni kwa mkwe. Na chakula je, hakipikwi jikoni humo humo? Akasema chakula hutoka, hakirudi. Nilikaa nikalifikiria hilo, nikaona kichwa kinaniuma, nikaenda mjini kutafuta umeme usio wangu; mama alikubali kungoja, ila begi likabaki getini.

Fundi wa umeme wa magari alikuwa na kazi tele wiki nzima. Aliniuzia betri ya pili ya kuweka chini ya kitanda, paneli ya sola, fyuzi na soketi mbili ndogo za kuchajia, akanieleza haraka haraka jinsi ya kuviunganisha. Umeme wa betri ni mdogo, alisema, hautakuua, lakini ukichanganya nyaya unachoma gari. Nilitikisa kichwa kukubali kila mahali ambapo sikuelewa.

Siku za kwanza za likizo ya Agosti zikaishia hapo. Mke wangu akiwa kazini kwenye duka la dawa, alikokwenda na mashine kuichaji kwa muda, mimi niko ndani ya gari na drili, mama mkwe yuko nje kwenye kigoda, amenipa mgongo. Kwa desturi hiyo hiyo kuzungumza ana kwa ana hakukuwezekana, hivyo tuliongea kupitia kuku mmoja aliyekuwa akidonoa uani. Siku nilipoifunga paneli juu ya mabati ya nyumba, alikohoa, akasema, kuku, jua la paa hilo ni la nani. Nikamwambia kuku kwamba nitaishusha. Nikaifunga juu ya gari. Kisha nikagusanisha waya mwekundu na mweusi, fyuzi ikakatika, nikatukana kwa Kiembu nikasahau kwamba Wameru kama yeye hukielewa. Kuku akaulizwa kama mwalimu anajua anachokifanya. Nikaenda mjini kununua fyuzi nyingine.

Hatimaye kitaa cha bluu kikawaka kwenye soketi. Mama alichomeka mashine yake mwenyewe. Begi likarudi chini ya kitanda, mke wangu akaanza kula.

Halafu jua likapotea. Wingu la Agosti lilitukalia, manyunyu asubuhi hadi jioni, betri ya chini ya kitanda ikaisha, na alasiri moja nilimsikia mama akikohoa bila kupumzika na mashine ikilia ile sauti yake ya njaa. Nilikumbuka fundi alisema injini ikiunguruma nayo hulisha betri. Lakini ili kuwasha injini lazima niketi kwenye kiti cha dereva, na kitanda chake kiko nyuma ya kiti hicho, pazia tu katikati. Kuku alikuwa amejificha mvua. Nilisimama mlangoni nikiwa nimelowa, sijui nianzie wapi.

"Mama, nikiwasha injini mashine itachaji. Lakini lazima niingie."

Alikohoa, akapumzika.

"Ingia. Lakini usisimame. Gari ikitembea ni safari, na kwa safari watu hukaa pamoja."

Nikageuza kioo cha ndani kitazame juu nisimwone, nikatoka getini. Muda si muda mashine ikaanza kuvuma, kikohozi kikapungua. Kwenye njia panda ya kwenda hospitali nilipunguza mwendo, akasema niende mbele tu. Runyenjes. Mto Thuci. Chuka. Njiani alianza kuniambia mambo: mke wangu alivyokuwa mkaidi akiwa mdogo, shamba la chai, marehemu mumewe ambaye hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Miaka yote ya ndoa yetu hatukuwa tumeongea kiasi hicho. Nilimjibu nikiangalia barabara. Kila nikiuliza kama mashine imejaa, alisema niendelee. Tulipofika Chogoria hofu ikanishika. Mbele ni Igoji, halafu Kanyakine, na nilidhani mama huyu ananitumia kumrudisha kwake.

"Geuza," akasema. "Kesho niko na daktari."

Jioni mke wangu aliniuliza ilikuwaje tukaenda mpaka Chogoria. Nikamwambia mashine ilikuwa inachaji. Akasema:

"Mama anasema ilijaa kabla hamjavuka Thuci."

Nilitoka nje kwenda kumwuliza mama kwa nini hakusema. Nilifika hadi mlangoni pa gari, nikamsikia ndani akipumua vizuri. Lakini gari lilikuwa limesimama, kwa hiyo nikarudi nyumbani.