Sauti ya Mama wa Kwaya

"Studio? Huyo? Atarudi kuuza kredi ya simu hapa hapa mtaani Birere." Ndivyo wajomba zangu walivyosema nilipokwenda kusoma Kampala. Walicheka, kisha wakanikopesha pesa ya kompyuta.

Nilirudi na diploma ya sauti, ambayo sikujua mwingine Goma aliyekuwa nayo. Studio niliijenga kwa mikono yangu, magodoro ukutani, na kwaya ya parokia ikaja kurekodi.

Mwimbishaji wao alikuwa mama mmoja wa milima ya Masisi. Hakuianza noti mahali pake. Aliianzia chini, akaipanda polepole kama mtu apandaye na mzigo. Kwenye programu yangu sauti huonekana kama mstari, na mstari wake ulipinda kila mahali. Niliunyoosha kwa siku tatu, noti kwa noti, nikakata na pumzi zake. Kazi ilikuwa safi kuliko yoyote iliyowahi kutoka mji huu, hilo nalisema hata leo. Diski ilikuwa imejaa, basi nikafuta rekodi ya awali. Mafundi wasio na shule hulimbikiza takataka, mimi sikulimbikiza.

Mama yule alifariki mwaka uleule. Kwetu kwaya huimba kwenye matanga ya mwenzao, na mumewe aliomba marehemu mwenyewe awaongoze, kwa sauti yake iliyorekodiwa. Nilileta spika, nikakaa mbele.

Ubeti haukuisha, yule muzee mumewe akainua mkono. "Zima. Huyu haiko bibi yangu."

"Ni yeye, papa. Nilimurekebisha tu."

"Alikuwa na ubaya gani? Leta ile ya kwanza, mutoto wangu. Ile yenye alikuwa anapumua."

Nilimwambia haipo. Hakuelewa, ilibidi nirudie mara tatu, mbele ya watu wote.

Wiki nzima nilijaribu kuupinda mstari upya na kubandika pumzi za mwimbaji mwingine. Muzee alikuja, akasikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema aksanti, akaondoka na fimbo yake. Kutoka hapo hakuna kwaya iliyobisha mlangoni kwangu.

Niliuza kompyuta, vipaza sauti, hata magodoro. Jumamosi moja nilizunguka Birere nikimlipa kila aliyenikopesha, hadi wa mwisho.

"Kumbe kazi ya sauti inalipa!" mjomba alishangaa.

Nikamwambia inalipa sana.