Koo la Darren

Juzi huku ughaibuni, kule Parramatta, kijana wangu mmoja wa kazi ya kuhamisha watu vyombo aliinama, akaikumbatia friji ya milango miwili, na alipoinyanyua koo lake likatoa sauti ile. Si kilio, si kikohozi. Ni sauti inayobanwa chini kabisa kooni, kama mtu aliyekabwa kidogo kisha akaachiwa. Wenzake hawakusikia kitu. Mimi nilisimama na kamba mkononi nikacheka peke yangu, maana ile ilikuwa herufi ain, ain safi kabisa, na mimi niliwahi kuhangaika kipupwe kizima nikijaribu kuitoa kwenye shingo ya Mzungu mmoja ambaye hakustahili kufundishwa hata alifu.

Mnaonijua mnajua kwamba shule sikuipenda, nayo haikunipenda. Malori yale yenye jina langu ubavuni, Ghalib, kwa herufi kubwa za kijani, sikuyapata kwa cheti. Nimeyapata kwa mgongo huu. Lakini kwa herufi za Kiarabu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na miaka kumi na mitatu, mtaani kwetu hakuna aliyenigusa. Tulikaa Lidcombe, mimi na shangazi yangu Zuhura aliyenilea, watu wa Tanga. Sisi Kiarabu tunakisoma kwa koo la Kiswahili, tunakilainisha. Hata shangazi akisali, ain yake ilikuwa a ya kawaida tu. Mimi nilikuwa nashinda Bankstown kwenye tanuri la mikate la Walebanoni, nikila mikate iliyoungua kingo na kusikiliza wanavyogombana. Koo langu lilifunguliwa huko.

Basi shangazi akapata mchumba. Darren aliuza magari yaliyotumika. Mtu mrefu, mwenye meno mengi, anayenukia manukato mpaka pazia linabaki na harufu yake siku ya pili. Kusilimu alikuwa tayari. "Hakuna taabu, meti," yaani rafiki yangu; kila kitu kwake kilikuwa hakuna taabu. Jina la Zuhura lilimwelemea akalikata katikati, akawa anamwita Zu.

Siku moja, tukiwa jikoni wote watatu, shangazi akamwambia: "Baba yangu kule Tanga ana sharti moja. Utamsomea Alhamdu kwa simu, na maneno ya kukubali ndoa, kwa Kiarabu, na kila herufi itoke mahali pake. Ukishindwa, hakuna ndoa. Ghalib atakufundisha."

"Huyu mtoto?"

"Huyu huyu."

Kila Jumamosi akaja. Shangazi alitutengea sahani ya kaimati mezani, akaenda chumba cha pili kupiga pasi, mlango ameuegesha. Nikaanza kazi. Jamani, nimebeba piano ghorofa ya nne kwa ngazi, lakini mzigo kama koo la Darren sijaubeba tena! Nilimpeleka dirishani apulizie kioo kwa pumzi ya moto, ili apate ile ha inayokwaruza. Kioo kilijaa ukungu vizuri sana. Akirudi kusoma, ha yake nyepesi kama karatasi ya chooni. Kwa ghaini nikamsukutulisha maji, akalowesha shati. Kwa kafu, ile nzito ya nyuma ya koo, nikamwonyesha kunguru aliyekaa kwenye waya wa umeme nje, na naapa kunguru yule alisoma vizuri kuliko yeye. Shingo nene kama ya fahali, ndani mna filimbi.

Kwa ain nikamwambia anyanyue friji yetu upande mmoja. Akanyanyua, ikatoka!

"Hiyo hiyo! Irudie!"

"Nirudie nini?"

Hakuwa amejisikia. Watu hawa husikia kile tu walichozoea kukisema, kingine chote kwao ni kelele.

Kushindwa kwake kungevumilika kama angeshindwa kimya. Lakini kila alipokosea, kosa lilikuwa la mwingine. Leo kaimati zimempaka mafuta kooni, kesho ni lugha yenyewe ina mafua. "Mnataka ha mbili za nini?" akauliza. "Moja haitoshi? Ni sawa tu."

"Nikikuletea gari lenye gurudumu la baiskeli," nikamwambia, "utasema ni sawa tu?"

Nyuma ya mlango shangazi aliachia kicheko. Masikio ya Darren yakawa mekundu. Akaniinamia, akasema polepole, kama anayemsemesha kiziwi: "Wewe shuleni umewekwa darasa la wasiojua kusoma. Nimeambiwa. Nenda kajifunze ABC kwanza, ndiyo uje unifundishe mimi kuongea."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniingia.

Pasi ikanyamaza. Shangazi akaja, akaiondoa sahani ya kaimati mkono wa Darren ukiwa bado unaifuata.

"Asante kwa kuja."

"Jumamosi, basi, Zu?"

"Zuhura," akasema. "Na hapana."

Miaka mingi niliamini kwamba shangazi alikosa mume kwa sababu mimi sikujua kufundisha. Siku niliponunua lori la kwanza nikampakia mbele tuzunguke mjini, na tukiwa kwenye foleni nikamwambia hivyo. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Babu yako hakuwahi kulisikia hata jina la Darren," akasema. "Na ndoa mtu huikubali kwa lugha yoyote, baba."

"Sasa zile herufi?"

"Herufi zipi? Mimi mwenyewe ain inanishinda. Nilikuwa napiga pasi pale nisikie mwanamume akikosolewa na mtoto anakuwaje."

Tangu siku ile, mtu akija kuniomba kazi, cheti simwulizi. Nami sina cha kulinganisha. Namsimamisha ubavuni mwa lori, namwambia, soma jina la bosi wako. Wapo wanaosema, "Nikuite Gal tu, ni sawa?" Hao nawaonyesha geti. Huyu kijana wa friji alijaribu mpaka machozi yakamtoka. Nikamwita binti yangu mdogo amkosoe, naye akamcheka bila huruma. Kijana akacheka naye, akakohoa, akajaribu tena.

Mpaka leo jina langu hawezi kulitamka. Funguo za lori nimempa.