Ada ya Meja

Ukifika Namawala ukaulizia kwa Kelestini, watu watakutumbulia macho. Ulizia kwa Baba Meja, utasindikizwa mpaka mlangoni. Meja si mwanawe. Meja ni dume la nguruwe, mweupe, mwenye mgongo mrefu, ambaye Kelestini alimnunua akiwa mdogo kwenye banda la masista miaka sita iliyopita, akamleta kwa baiskeli ndani ya tenga, nguruwe akipiga kelele njia nzima.

Utaratibu wa pale kijijini ni rahisi, na ni vizuri ujulikane mapema, maana ndio uliowaponza. Mwenye jike anampeleka kwa mwenye dume, na siku hiyo halipi kitu. Jike akishazaa na watoto wakaacha ziwa, mwenye dume analetewa mtoto mmoja, wa kike, tena aliye mzuri. Hiyo ndiyo ada. Kelestini alipokea ada nyingi. Wale mitamba, yaani majike machanga, aliwakuza akawagawia majirani, na majirani walipotaka wazae, wangewapeleka wapi? Kwa Meja, baba yao. Watoto wakazaliwa, ada ikaletwa, na mambo yakaanza upya. Watoto wa kiume walihasiwa wote, kwani nani alihitaji dume mwingine wakati Meja yupo?

Mwaka juzi alikuja Edna, afisa mifugo wa kata, binti mdogo aliyevaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alimwamkia Kelestini shikamoo, akasimama bandani muda mrefu akiuliza nani mama wa nani. Kisha akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba dume huyu anawapanda binti zake na wajukuu zake, na watoto wataanza kuzaliwa na kasoro. Amhasi, au alete dume mwingine kutoka mbali. Kelestini aliitikia kwamba atafanya hivyo baada ya mavuno. Mavuno yakapita, na mengine yakapita.

Tusimwonee. Mkewe Digna alikuwa amefariki, na uani kwake asingefika mtu kama si Meja. Watu walikuja na majike yao, wakakaa, wakaongea habari za mvua na za ndege wanaomaliza mpunga. Wakishaondoka, Meja aliweka kidevu juu ya goti la Kelestini na kula viazi vitamu kwenye kiganja chake. Unamfanyaje ukatili rafiki wa namna hiyo?

Lakini kumhurumia si kumtetea. Kasoro zilianzia bandani kwake mwenyewe, na aliziona. Mmoja alizaliwa na ugonjwa wa ngiri, utumbo umetokeza kitovuni. Wengine walitetemeka wakashindwa kunyonya. Wengine walizaliwa bila tundu la haja, na hao ndio waliomtesa zaidi. Wananyonya vizuri, wanachangamka, kisha tumbo linavimba siku ya pili, linavimba siku ya tatu, mpaka wanakufa wakilia. Kelestini aliwafukia nyuma ya migomba, akajiambia ni bahati mbaya, akanyamaza.

Ndipo Verediana, mjane wa nyumba ya pili, alipomleta jike wake. Jike huyo alikuwa binti wa Meja, na mama yake pia alikuwa binti wa Meja. Kelestini alimkuza mwenyewe kabla ya kumpa Verediana, kwa hiyo alijua. Neno lilimfika kooni. Ila Verediana alikuwa amekuja na bakuli la ndizi za kupika, amekaa kwenye kiti cha Digna anacheka, na Kelestini akafungua mlango wa banda.

Walizaliwa kumi na mmoja. Watatu walitoka wamekufa, na saba hawakuwa na tundu. Verediana alimwita Kelestini, akawa anawakanda matumbo mmoja mmoja kwa kitambaa cha maji ya moto, akimwuliza ni ugonjwa gani huu. Kelestini alitazama huku na huku, akaona gunia la pumba pembeni, limelowa mvua kidogo.

"Pumba zimeota ukungu," alisema. "Utakuwa umemlisha mama yao sumu."

Ndivyo alivyosema, kwa utulivu wa mtaalamu. Verediana alijishika kichwa. Kwa siku nne aliwasikiliza wale saba wakifa, akiamini amewaua yeye. Pumba alizimwaga mtoni. Yule mmoja aliyesalia alipoacha ziwa, akamchinja mama yake, akihofia sumu imebaki mwilini, na nyama yote akaifukia.

Kesho yake alikuja kwa Kelestini na tenga kichwani. Ndani alikuwamo yule mtoto mmoja, wa kike, mweupe, mzima kabisa.

"Nimeleta ada ya Meja, kaka," alisema.

Kelestini alimsihi arudi naye, kwani hana mwingine. Verediana alikataa. Alisema Meja hakukosea, aliyekosea ni yeye na pumba zake, na hataki kuongeza dhambi ya kudhulumu mtu. Akamtoa mtoto, akamweka mapajani mwa Kelestini. Mtoto akaanza kunusanusa kiganja chake, kama afanyavyo Meja.

Hapo aibu ilimzidi nguvu.

"Si pumba," alisema. "Ni Meja. Tunazalisha ndugu kwa ndugu. Edna aliniambia."

"Tangu lini unajua?"

"Kabla hujamleta jike."

Verediana aliinama. Aliliokota tenga lake, akalikung'uta majani polepole.

"Nilikwenda kuungama, Kelestini," alisema. "Nilimwambia padri nimewaua."

Akaondoka. Mtoto wa nguruwe alimwachia Kelestini, kwa kuwa ada ni ada.

Edna aliitwa, akaja Jumatatu. Kelestini alimshika Meja kichwa mwenyewe wakati anahasiwa, na tangu siku hiyo Meja hakumsogelea tena. Edna alisema hiyo haitoshi. Hata yule mtoto wa ada asizalishwe na mwana yeyote wa Meja aliyefichwa asihasiwe, na lazima kila mwenye nguruwe aambiwe. Alijitolea kwenda yeye. Kelestini alikataa, akavaa kandambili, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kote walimsikiliza mpaka mwisho. Kote walimwuliza swali lile lile la Verediana, tangu lini anajua, na kote ilibidi ajibu.