Nesi Aliyetazama Vidole

Baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo ili nipungue mwili, nesi aliniuliza maumivu yangu ni ngapi kati ya kumi. Mimi ni mtu wa sokoni, nikaanzia juu: "Kumi!" Akasugua viganja vipate joto, kama afanyavyo kabla ya kumgusa yeyote, akatazama vidole vya miguu yangu. "Mwenye kumi huvikunja, mama. Wewe unavichezesha." "Basi nane." "Shusha, mteja hajaridhika." Nikaangua kicheko, mshono ukavuta, vidole vikajikunja vyenyewe. "Sita!" nikasema, bei ya mwisho. Akavitazama tena, akanipa mto niukumbatie tumboni, akanichoma sindano ya kutuliza maumivu bila ubishi. Dawa ilipokolea alinitembeza hadi dirishani, tukicheka. Yeye alipata matembezi aliyotaka niyafanye ili nipone upesi. Mimi nilipoteza namba nne, nikapata usingizi mtamu.