Bodi ya Kijani ya Taipureta ya Tata

Enzi zetu sisi watoto wa Karagwe, mtoto hakuulizwa anataka nini. Uliamshwa alfajiri, ukapalilia matuta mawili, ndipo ukaenda shule na kidebe cha samadi kichwani kwa ajili ya bustani ya mwalimu. Ukirudi, ndizi na maharage. Kesho yake, maharage na ndizi. Aliyenuna aliambiwa na mama, "Haya, nenda kwa jirani ukaone kama wao wanapika nyota." Tuliteleza mlimani tumekalia maganda ya migomba mpaka nguo zikatoboka makalioni, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipoingia tuliwahi kwenye majani yenye umande, tukigombana kama kuku. Wajukuu zangu nikiwasimulia haya wananiuliza, "Sasa bibi, simu mlikuwa mnachaji wapi?" Jamani!

Ndiyo maana siku ile Tata, yaani baba yangu, aliponigeukia mimi mtoto wa darasa la nne akasema, "Koku, chagua wewe," nilivimba kichwa. Laiti angenichapa tu, kama wazee wa wenzangu walivyokuwa wakifanya.

Tata alikuwa mwandishi wa barua. Alikaa barazani mwa duka la kijijini kwetu, upande wa Murongo kwenye mto wa mpakani, na taipureta aliyoachiwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Watu walitoka mbali kuja kwake. Huyu anamwandikia mwanawe aliyeoa ugenini, yule anaomba radhi kwa wakwe. Tata aliwasikiliza mpaka mwisho huku akitafuna buni, kisha vidole vikaanza kazi. Mlio ule tuliusikia mpaka kisimani. Herufi zote zilikaa sawa kwenye mstari isipokuwa e. E ya Tata ilikaa juu kidogo ya wenzake, kwa sababu kaka yangu Deusi, alipokuwa na miaka mitano, alikigonga kinyundo chake kwa jiwe ili aone kama kitalia. Alichapwa vizuri, halafu akafundishwa kusoma kwa mashine ileile. Kwa muda mrefu Deusi aliamini kwamba e zote duniani zinaruka.

Vita vilipokuja, Deusi alikuwa kijana wa mgambo. Aliondoka na wenzake asubuhi, ndizi za kuchoma mfukoni, na mama akamwambia, "Ukifika tuandikie." Sisi tukajiandaa kukimbilia kwa shangazi, Ihembe. Taipureta ilikuwa nzito, haibebeki pamoja na watoto na mbuzi. Tata akawaza, akaona akili kubwa kuliko zote: aifiche kwenye shimo la kuvundikia ndizi za pombe. Aliifunga kwa gunia, akaitandikia majani, akaishusha. Mama, ili mwizi akichungulia asishuku, akapanga juu yake mikungu mitano ya ndizi halisi, wakafukia. "Nani ataona shimo la ndizi ashtuke?" alisema mama, na wote wawili wakacheka. Ni kicheko cha mwisho ninachokikumbuka nyumbani kwetu kwa miaka kadhaa.

Tulikaa Ihembe miezi mingi. Tuliporudi na kufukua, ndizi zilikuwa zimeiva, zimeoza, zimegeuka togwa, na togwa lote limeteremkia kwenye mashine. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu, ukiigusa inamomonyoka. Lakini matumbo, yaani vitufe, nyaya zake na vile vinyundo vya herufi, Tata alikuwa amevipaka mafuta mazito kabla ya kufukia, na vilikuwa vizima. Ungedhani Tata angelia kwa ile bodi. Wala. Alikiinua kinyundo cha e kwa kucha, akakitazama, akasema, "Kipo."

Deusi hakurudi. Vita viliisha, wenzake wakaja mmoja mmoja, wengine na miguu pungufu, yeye kimya. Kisha mwendesha baiskeli mmoja wa magendo akaleta habari: ng'ambo ya mto, katika mji mmoja wa kule, ameona kijana anayefanana na Deusi, ana kovu usoni, anafanya kazi ya kupakia mizigo. Alipomwita jina, kijana alikana, akaondoka upesi. Mama alitaka kuondoka siku hiyohiyo. Tata akasema mtu anayejificha hatafutwi kwa kumkimbiza, atahama tena. "Anaogopa. Sijui anaogopa nini, lakini anaogopa. Barua ya mkono ataiona mtego. Akiiona e yetu atajua ni nyumbani."

Wazee wa ukoo hawakuwa na subira hiyo. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa kigogo cha mgomba badala yake, watu wakaomboleza, maisha yakaendelea. Baba mkubwa alikuja na kukaa sebuleni bila hata kugusa pombe. "Mdogo wangu, unamzuia marehemu njiani. Kahawa ikishavunwa, tutamzika." Tata akajibu, "Kahawa ikishavunwa, sawa. Nipeni mpaka hapo niandike." Kwa hiyo tulikuwa na msimu mmoja.

Fundi Petro, aliyekuwa anatengeneza baiskeli na kila kitu kingine, aliyapima matumbo ya mashine kwa rula ya shule, akatoboa matundu kwenye kipande cha boksi mahali pa kila skrubu. "Mzee, hapa ni kama kumhamisha mtu nyumba. Tafuta bodi ambayo matundu yanalingana na haya. Matundu yakilingana, nachukua matumbo yote kwa pamoja, naweka, nafunga. Yasipolingana itabidi nichomoe kinyundo kimoja kimoja." Alirudia mara mbili: "Angalia matundu, usiangalie sura."

Tukaenda Murongo, Tata akisukuma baiskeli kwenye vilima, mimi nimekaa nyuma na lile boksi kifuani. Siku hizo dukani hata sabuni ilikuwa hadithi, ila Murongo kulikuwa na kila kilichovuka mto. Mchuuzi mmoja mwanamke alikuwa na bodi mbili za taipureta chini ya turubai. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibuni waitu, ndugu zangu, chagueni." Moja ilikuwa nyeusi, imebonyea pembeni, mguu mmoja hauna. Nyingine ilikuwa ya kijani, kijani cha jani la mgomba baada ya mvua, ina mfuniko wa kufunga na kufungua. Tata aliweka boksi juu ya ile nyeusi: matundu yote yakaonyesha mwanga. Akaliweka juu ya ile ya kijani: mawili yakaziba.

Nami nikaanza. Tata, hii ya kijani. Tata, hii nyeusi ni kama chungu kilichoungua. Tata, Deusi akirudi akute kitu kizuri. Hilo la mwisho ndilo nililolisema kwa ujanja, nalikiri leo. Nilijua kwamba tangu Deusi aondoke Tata alikuwa hawezi kuninyima kitu. Akanigeukia, akasema, "Koku, chagua wewe." Nikaweka mkono kwenye ile ya kijani. Mchuuzi akacheka, "Huyu atakuwa bi harusi wa gharama." Njia nzima nilikuwa nimeikumbatia, mashavu yananiuma kwa kutabasamu.

Fundi Petro alipoiona alishika kiuno. Tata akamwashiria kwa macho asiseme, maana mimi nilikuwa nimesimama pale. Alifanya kazi siku tatu. Alichomoa kinyundo kimoja kimoja, akapiga tupa, akapasha moto, akapanga upya. Siku ya tatu alikuja mwenyewe kutuletea, ameoga, amechana nywele, anang'aa kwa furaha. "Mzee, jaribu! Nimezisawazisha zote. Hata ile e yako iliyokuwa inarukaruka, nimeinyoosha. Sasa ni mashine ya ofisi!"

Tata aliweka karatasi. Aliandika jina la Deusi mara moja. Herufi tano zilikaa kwenye mstari kama watoto wa paredi. Alisema, "Ahsante fundi, umefanya kazi nzuri," akamwita mama alete pombe, akakaa naye mpaka alipoaga. Ndipo akaingia chumbani na koleo. Alijaribu kukipinda kinyundo kile kirudi kilivyokuwa. Kilishapashwa moto, kikakatika.

Aliandika hivyohivyo. Kila palipotakiwa e aliacha nafasi, akaijaza kwa kalamu, juu kidogo ya mstari. "Deusi, sisi tupo. Mama yako anapika. Hakuna mtu anayekudai neno lolote. Rudi." Waendesha baiskeli wa magendo walizivusha barua hizo, wakazibandika kwenye kuta za maduka kule ng'ambo. Mimi nilikaa karibu yake nikimpa karatasi, nikisubiri anigombeze. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Kahawa ikavunwa. Ikaanikwa, ikakauka, ikapelekwa. Baba mkubwa akaja na wazee. Tata mwenyewe aliingia kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, na panga, akachagua mgomba mnene uliokuwa haujazaa, akaukata. Walikizungushia shuka kile kigogo, mama akakishika kama anavyoshikwa mtu, akaita, "Deusi wangu! Deusi wangu!" Nilijificha nyuma ya nyumba nikaziba masikio. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua mimi ndiye niliyemzika kaka yangu, kwa sababu ya rangi.

Najua, mtaniambia huenda kijana wa ng'ambo hakuwa Deusi hata kidogo. Najiambia hivyo pia. Miaka ya tisini Tata alipokuwa kitandani, amekonda, nilimwomba radhi. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ulikuwa mtoto. Mimi ndiye nilikuwa na boksi mkononi, nikaona matundu." Hakunipunguzia kitu, Mungu amlaze pema, alinionyesha tu kwamba na yeye alikuwa akiubeba mzigo huo miaka yote hiyo.

Vijana wa leo wanaandika kwa dole gumba wakitembea, "xaxa" na "mambo vp", herufi zao zote zinafanana, huwezi kujua nani kaandika. Mtandao ukikata nusu saa wanalia kama wamefiwa. Mwanangu yuko Mwanza. Jana nilimtumia ujumbe, sikumsikia siku nzima, leo asubuhi nikampigia kwa ukali. Akacheka: "Mama, si umeona tiki mbili za bluu? Nimesoma." Kweli nilikuwa nimeziona, na nilikuwa nimelala usingizi mzuri.

Tata angetoa kibanja chote, na kahawa yake, na nyumba, apate zile tiki mbili kwa usiku mmoja. Alivusha barua msimu mzima, na akaendelea kuzivusha kimyakimya hata baada ya mazishi, miaka mingi, wazee wasijue. Amekufa bila kujua kama kuna hata moja iliyosomwa.