Marufuku ya Vicheko

Mumewe alipofariki, mwenye duka la ushonaji alipiga marufuku vicheko kazini, maana kila kicheko kilimchoma moyo. Mafundi wake watatu, waliozoea kutaniana huku cherehani zikilia, wakafyata ulimi. Wateja waliopenda kukaa wakipiga soga wakawa wanachukua nguo zao na kwenda zao. Mishono ikaanza kwenda kombo, na hakuna aliyejali kufumua. Mafundi wawili wakahama. Wa tatu, mama wa makamo, naye akaja kuaga.

“Kwani nimewakosea nini?”

“Dada, hata pole tulishindwa kukupa. Tulikuogopa.”

Mwenye duka akabana midomo asilie mbele ya mfanyakazi. Fundi alipotoka, akaketi kwenye cherehani amalizie gauni la mteja, akashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano kwa machozi.