Vyura Wangu Kwenye Mnada wa Mavuno

Hii kuisimulia naona aibu, na hasira yake haijaisha, na sijui kipi kati ya hivyo viwili kinanichoma zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa mtaa wa Sakina, bidhaa ndiyo kwanza zimeanza kujaa madukani baada ya miaka ya uhaba, nami nikapata tyubu ya silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, nikamsumbua fundi vioo mpaka akanikatia vipande, nikaunda boksi la kioo la kufugia vyura na mijusi. Miezi sita, jamani. Chini kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, kisha udongo wa msituni, na yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe ya mtoni, ambayo niliyapanga na kuyapangua mara nne kwa sababu upande mmoja ulinikera (ndivyo nilivyo, hata shuka likipinda silali). Niliwatenga wanyama wiki nyingi kuhakikisha hawataambukizana wala kulana: vyura wadogo wanne, mijusi wawili, kinyonga mmoja. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa na kitabu cha mtumba kisicho na jalada.

Mwalimu wa watoto kanisani akaniomba nilipeleke Jumapili ya mavuno, awafundishe habari za uumbaji. Nikafika mapema, nikakuta chumba cha watoto kinapigwa na jua, na kioo kikipata jua vyura wanaiva, basi nikaamua niliweke kwa muda tu kule mbele, karibu na madhabahu, penye kivuli na mwanga mzuri, kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi. Uamuzi wangu ulikuwa huo tu.

Sasa kwetu kilichowekwa pale mbele siku ya mavuno ni sadaka, na ibada ikiisha kinanadiwa nje (nimekulia kanisa hilo hilo, nalijua hilo tangu utoto, lakini siku hiyo kichwa kilijaa joto la vyura). Mchungaji akavibariki vyote, kisha akaninyooshea mkono, akasema kijana huyu amemtolea Mungu kazi ya mikono yake. Makofi, vigelegele, mama yangu anafuta machozi. Na mimi, mpumbavu, nikatabasamu.

Nilipotoka nje, mzee wa kanisa anayenadi alikuwa ameshalipandisha mezani. Nikamshika mama kiwiko, nikamnong'oneza kwamba lile si sadaka, ni langu.

"Baba, utamnyang'anya Mungu mbele ya watu wote hawa?" akasema bila kunitazama. "Nyamaza."

Nikanyamaza. Kushindana kwenye mnada nisingeweza, hela yangu yote nilishaitumbukiza kwenye kapu la sadaka.

Akalipata Mama Ndeshi, muuza maandazi wa pale kwetu Sakina. Nikapumua, nikidhani kapenda vyura. Wala hakuwaona. Akawaambia wenzake kabati lake la kioo la maandazi limevunjika, Mungu ameliona hilo, akaita vijana wawili wa kwaya, wakaliinamisha boksi langu, na miezi yangu sita ikamwagika vumbini kwenye jua la saa saba.

Kinyonga akakimbilia pindo la kitenge cha mtu, wamama wakatawanyika, viatu vya Jumapili vikakanyaga huku na huku, nami nikatambaa katikati ya miguu na shati langu jeupe. Chura wa kwanza niliyemfikia alikuwa ameshapondwa. Nikasimama.

"Wewe mama mjinga, huna macho?"

Mbele ya mchungaji. Kwa mwanamke ninayempa shikamoo kila asubuhi. Mama yangu akafunika uso, na Mama Ndeshi hata hakukasirika, akanitazama tu na udongo wangu mikononi mwake.

"Kumbe bado ni wako? Mwanangu, si ungesema tu."

Niliokoa vyura wawili na mjusi mmoja, nikawaachia mtoni jioni ile ile. Nimemkasirikia mchungaji, nimemkasirikia mzee wa mnada, mama yangu sikuongea naye wiki nzima, lakini sentensi ile ya Mama Ndeshi ndiyo inayonirudia mpaka leo. Sasa kitu kikiwa changu nasema hapo hapo, hata sauti ikitetemeka, hata watu wakiwa wanapiga makofi. Bora nionekane mchoyo dakika moja kuliko kusifiwa ukarimu huku nimekunja ngumi mfukoni.